Inauma Wapi, Tangu Lini

Mwalimu wenu alipokuja nyumbani kwangu hapa mtaa wa Shabab, Nakuru, kuniomba niwaandikie nyinyi mnaosomea rekodi za afya, alitaka nieleze tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Nikamtilia chai, nikamkatia mkate wa sinia, akala, akaanza kutazama saa. Nikamwongezea kikombe. Nilimchelewesha makusudi, na akisoma hapa asinichukie. Nyumba yangu haipati wageni wengi siku hizi, na nikimpata mmoja simwachii aende hivi hivi.

Basi nitawaambia habari za maumivu ya misuli. Najua mngependa upasuaji na ajali za malori. Lakini maumivu ya misuli ndiyo yaliyojaa mezani kwangu kila asubuhi tangu nikiwa msichana hadi nikastaafu, na yote ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyajulia hapo.

Kama karatasi hii imeokotwa na mtu asiyejua kazi yetu, nimweleze kwa ufupi. Daktari akishamwona mgonjwa huandika kwa maneno. Sisi huyachukua maneno yale tukayageuza kuwa herufi na tarakimu, tukifuata kitabu kinene kinachotumika duniani kote, ili anayehesabu magonjwa Nakuru na anayehesabu ng'ambo wawe wanahesabu kitu kimoja. Hiyo herufi na tarakimu zake ndiyo tunayoiita msimbo, na kazi ya kuiandika tunaiita kusimba. Maumivu ya misuli ni M79.1. Kila mwanafunzi huushika msimbo huo kwanza kwa sababu unampunguzia kazi ya kufungua kitabu. Mgonjwa akisema mwili mzito, M79.1. Akisema amelala vibaya, M79.1. Mwenzetu Njeri, msichana wa Njoro asiyeisha maneno, alikuwa akisema mtoto wake wa kwanza atamwita jina hilo ili asisahaulike shuleni.

Mwishoni mwa msimbo huo unaweza kuongeza tarakimu ya kuonyesha mahali. Moja ni bega. Tatu ni kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Tano ni nyonga na paja, sita ni mguu chini ya goti. Sifuri ni sehemu nyingi kwa pamoja. Tisa maana yake ni kwamba mahali hapakutajwa. Kitabu hakikulazimishi kuiandika tarakimu hii. Aliyetulazimisha sisi ni Mzee Wekesa.

Mzee Wekesa alikuwa mkuu wa rekodi hospitalini nilipoajiriwa, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ukimpelekea faili yenye tisa, hakufoka. Alisimama, akakunja mikono ya shati, akakuambia, "Haya, mimi ndiye mgonjwa. Inauma wapi? Nionyeshe." Unaipekua tena faili, kalamu mkononi. "Hujui," anasema. "Na mimi sijui. Nenda kamuulize anayejua." Hapo unachukua faili, unapanda ngazi, unasimama nje ya mlango wa daktari kama mtoto aliyechelewa shule. Ukiingia unauliza maswali mawili tu, hayo hayo kila siku: inauma wapi, na tangu lini?

Mara ya kwanza nilifukuzwa. "Madam, si unaona laini ya wagonjwa imefika kwa gate?" daktari aliniambia. "Andika tu misuli, tuendelee." Nikashuka. Mzee Wekesa akanipandisha tena bila hata kuinua macho. Yule daktari aliponiona mara ya pili alicheka mwenyewe, akamfuata mgonjwa wake kwenye dirisha la dawa kumuuliza. Akachelewa kurudi. Aliporudi alikuwa amekunja uso. "Umenitafutia kazi," akasema. "Nimeuliza swali moja nimepewa maisha mazima. Andika bega, tangu mazishi ya mama yake." Sikujua mazishi niyaandike wapi, kwa hiyo niliandika bega.

Shikeni hili, litawafaa. Watu wa huku hawasemi kigasha. Mkono kwao unaanzia begani na kuishia kwenye kucha, na mguu unaanzia nyonga. Msikisie. Mwambieni anayemhudumia mgonjwa amwombe aweke kidole panapouma. Na kama sababu ya maumivu inajulikana, simba sababu, uache maumivu. Njeri aliwahi kuvuna lundo zima la M79.1 kwa wafugaji waliokuwa na homa ya kuja na kuondoka na viungo vinavyouma, kumbe chini kabisa ya kila karatasi maabara walikuwa wameandika brucella, vijidudu vya ugonjwa wa maziwa mabichi. Mzee Wekesa alimwita akamwomba amwandalie chai ya maziwa, na amwambie kwanza kama yamechemka. Tulicheka tukashika mbavu, naye Njeri kuanzia siku ile akawa anasoma karatasi kutoka chini kwenda juu.

Baada ya miaka kadhaa tarakimu ile ikaanza kuniambia watu wanafanya kazi gani. Moja, bega, wengi walitoka Naivasha kwenye mashamba ya maua, kina mama wanaokata na kupanga waridi mikono ikiwa juu kutwa nzima. Tatu, kigasha, ni wakamuaji. Sita ni askari wa malangoni, wale wa kusimama. Chumba chetu kilikuwa chini ya jengo, dirisha moja dogo lililoangalia magurudumu ya magari. Nilijua mabega ya bonde zima bila kumjua mwenye bega hata mmoja. Kazi hii ina upweke wake, sitawaficha. Utashinda na watu mia kwenye karatasi na jioni utoke hujasemezwa na yeyote. Mimi wakati huo sikuujali, kwa sababu nyumbani alikuwapo Hamisi, mume wangu, ambaye alikuwa akiongea hata akipiga mswaki.

Siku niliyoiona nuru ya mchana ni Jumanne, zamu yangu ya dirishani. Mgonjwa analeta kadi, unamtafutia faili yake, anakwenda nayo kwa daktari. Jumanne ilikuwa kliniki ya maumivu. Huko ndiko nilikomjua Mzee Kosgei.

Alikuwa akija mara moja kila mwezi kutoka Olenguruone, huko juu kwenye baridi na viazi, na ili afike mapema ilimbidi aondoke kwake kabla hakujapambazuka. Koti la sufi, kofia, viatu vimepigwa rangi. "Chamgei," ananisalimu, na nikichelewa kuitikia anangoja mpaka niitikie. Mikono yake yote miwili ilikuwa ikimuuma, hapo hapo kwenye kigasha, kwa sababu ya kukamua. Mkewe ndiye aliyekuwa mkamuaji, naye alikuwa amefariki, kwa hiyo mzee akaanza kukamua ng'ombe uzeeni. Faili yake ilikuwa safi: M79.1, tatu. Mzee Wekesa angefurahi, lakini alikuwa ameshastaafu na mimi nimekalia kiti chake. Kila alipokuja Mzee Kosgei aliniletea chupa ya maziwa lala, yale ya kuganda, naitia chini ya meza, na Hamisi jioni anaimaliza bila kuniuliza kama nimeonja.

Miezi ikapita akaacha kuleta maziwa. Siku moja nikamtania. "Mzee, siku hizi umeninyima?"

"Ng'ombe niliuza, mama. Zote."

"Pole. Tangu lini?"

"Kabla ya mvua. Mimi mzee peke yangu, nitafanya nini na ng'ombe?"

Mvua ilikuwa imekuja na ikaisha. Mchana faili yake iliposhuka mezani kwangu, daktari alikuwa ameandika yale yale: maumivu ya vigasha kwa kukamua, arudi mwezi ujao. Nikapanda ngazi.

Daktari wa kliniki ile wakati huo alikuwa Wanjiru, msichana mpole aliyevaa raba hata akiwa na koti jeupe. Nikamwambia, "Daktari, Mzee Kosgei hakamui tena. Aliuza ng'ombe."

Akaweka kalamu chini. "Najua."

"Na mikono?"

"Mikono iko sawa. Nilimwambia anifinye vidole, akanishinda nguvu."

"Sasa mbona umeandika inauma?"

"Nikiandika amepona, kadi inafungwa," akasema. "Na ikifungwa, huyo mzee atashuka Nakuru kuona nani?"

Kadi zilikuwa chache na waliozihitaji walikuwa wengi, wengine wakiketi sakafuni, na utaratibu ulikuwa kwamba aliyepona anampisha mwingine. Lakini pia nilijua kwamba kwa mzee yule, mwezi mzima ulikuwa na siku moja tu yenye watu, na siku hiyo ilitegemea tarakimu ninayoiandika mimi. Nikamwambia Wanjiru kwamba siwezi kusimba maumivu ambayo hayapo. Hakukasirika. "Wewe ndiye mwenye kitabu," akasema. "Tafuta kitu cha kweli huko ndani, na mimi nitakiandika."

Mwisho kabisa wa kitabu, kwenye herufi Z, kuna kurasa ambazo wengi wetu hatukuwa tukizifikia. Humo kuna mambo yanayomleta mtu hospitalini ingawa si ugonjwa. Nilipitisha kidole taratibu hadi Z60.2. Kuishi peke yake. Hapakuwa na maelezo zaidi, ni maneno hayo tu, yamepangwa kwa zamu yake katikati ya mengine. Niliyasoma mara nyingi. Sikuwa nikijua kwamba kitabu kile kinalifahamu jambo hilo.

Jumanne yake ilipofika Wanjiru aliniita nami nikasimama mlangoni. Akamuuliza kwa upole, "Mzee, tuambiane ukweli. Mikono bado inauma?"

Mzee Kosgei akaitazama mikono yake, kwanza mgongo wa viganja, kisha viganja. "Hapana. Iliacha zamani."

"Na hukusema?"

"Ningesema, mngeniambia nisirudi."

"Nyumbani uko na nani?"

"Niko na redio," akasema. Kisha akaona nyuso zetu, akacheka ili tusihuzunike. "Daktari, andika tu vile iko. Mimi si mtu wa kudanganya hospitali."

Wanjiru akaandika, nami nikasimba Z60.2, mara yangu ya kwanza. Wanjiru alimwombea kwa msimamizi aendelee kuja kwa sababu hiyo. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alisoma, akatuonyesha kwa mkono wale waliokaa sakafuni. Kadi ikafungwa. Mzee Kosgei alituaga sote kwa mkono, mmoja mmoja, hata yule mama aliyekuwa akipiga deki, akaondoka na koti lake.

Mwezi uliofuata, Jumanne, nikasikia "Chamgei" dirishani. "Mzee, si kadi ilifungwa?" nikamuuliza.

"Najua. Leo sijakuja kwa daktari."

Akakaa kwenye benchi la nje. Nikamtilia chai kwenye kifuniko cha chupa yangu. Tangu hapo akawa anakuja akipata usafiri, anakaa kidogo, anauliza habari za Hamisi ambaye hakuwa amewahi kumwona, ananielezea ng'ombe wake kwa majina kana kwamba bado wako zizini. Halafu binti yake akamchukua, akaenda kuishi naye Eldoret. Alinipitia kuniaga. Baada ya hapo sikusikia habari yake. Kazi yetu haikuonyeshi mwisho wa mtu. Faili inaacha kuitwa, inahamishiwa rafu za juu, na wewe unaendelea na zilizoko mezani.

Siku hizi mna kompyuta na mambo ni mepesi. Unabonyeza herufi mbili, orodha inashuka yenyewe, na juu kabisa imekaa ile ya mahali hapakutajwa, inakungoja. Mzee Wekesa angeipiga teke mashine ile. Siwasemi vibaya. Nasema tu kwamba hamna ngazi tena ya kupanda, na ngazi ile ilikuwa na kazi yake.

Sasa nifike kwangu, maana mwalimu wenu alisema niandike la moyoni.

Nilipostaafu Hamisi alikuwa ameshapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, ulimi haukulala. Nilikuwa nikimgeuza kitandani asubuhi na jioni, namwinua, namkalisha, nambadilishia shuka chini yake. Alikuwa mkubwa wa mwili. "Bi Mwanaidi, pole pole," ananiambia, "hili si gunia la viazi." Nacheka, na nikicheka nguvu zinaniisha, inabidi nimlaze tuanze upya. Bega langu la kulia likaanza kuuma humo. Sikulijali.

Hamisi akafariki. Nikakaa eda. Watu wasiojua hudhani eda ni wakati wa upweke, lakini mimi nyumba ilijaa. Jirani analeta uji, binamu kutoka Bondeni analala sebuleni, binti yangu alikuja kutoka Mombasa na wanawe. Eda ilipoisha wakaniogesha, wakanitia udi, wakaniombea, wakaenda zao. Walifanya haki yao yote. Jioni ile nilitenga vikombe viwili mezani, nikakaa nikivitazama. Mwanangu yuko Doha, binti yuko Mombasa, wananipigia simu Ijumaa baada ya swala. Siwalaumu. Lakini kuna siku inafika alasiri ndipo nagundua kwamba sijatoa sauti tangu alfajiri, na nikijaribu inatoka imekwaruza.

Bega likazidi. Sikuweza kuinua mkono kuanika nguo. Nikaenda zahanati ya karibu, nikakutana na daktari kijana anaitwa Chebet. Ana kucha za rangi na haraka nyingi, lakini aliniuliza inauma wapi na nikaweka kidole. Moyoni nikasimba mwenyewe: M79.1, moja. Akanifundisha mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, kila siku juu kidogo kuliko jana, na akanipa tarehe ya kurudi. Nikarudi, nikapewa nyingine. Siku za kwenda kule nilikuwa navaa buibui zuri. Nakaa kwenye foleni, watu wananisukuma kidogo, mtoto wa mtu ananikalia mguuni, na mwisho mtu anaita jina langu kwa sauti.

Asubuhi moja nilianika shuka, nikarudi ndani, na nikiwa jikoni ndipo niliposhtuka. Nilikuwa nimeinua mkono hadi kwenye kamba na hakuna kilichouma. Nikauinua tena. Bega limepona. Nikakaa kwenye kigoda nikalia. Maumivu yale niliyapata kwa kumbeba Hamisi, na yalikuwa yamebaki nami kila nilipogeuka kitandani. Sasa na yenyewe yameondoka.

Kadi ilikuwa juu ya meza na tarehe yake ilikuwa kesho yake. Ilipofika nikavaa buibui zuri, nikaenda.

"Mama Mwanaidi, karibu!" Chebet akasema, mkono tayari kwenye kompyuta, kioo kimeshafunguka pale pale pa mwezi uliopita. "Bega bado, ama?"

Wanangu, ningesema neno moja tu. Ningesema bado, angebonyeza, ningepewa tarehe, na mwezi ujao ningekuwa na mahali pa kwenda. Huko nje mama mmoja alikuwa ameegemea ukuta ameshika kiuno. Nilimkumbuka Mzee Kosgei akiitazama mikono yake. Nikauinua mkono wangu wote juu, mpaka mkono wa buibui ukateleza hadi kiwikoni.

"Limepona, Daktari."

"Waa! Haki nimefurahi. So tunafunga hii?"

"Funga. Halafu uniandikie jambo lingine, la kweli. Tafuta kuishi peke yake. Zamani ilikuwa Z60.2, sijui siku hizi mnaiitaje."

Akacheka kidogo, akadhani namfanyia mtihani. Akabonyeza, akashusha, akabonyeza tena. Kisha akaipata, na nikamwona anaisoma. Akautoa mkono kwenye kompyuta. Akakigeuza kiti chake mpaka magoti yake yakaelekea magoti yangu, ingawa kelele za foleni alizisikia kama nilivyozisikia mimi.

"Tangu lini, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia.